Uwanja Uliong'aa Kupita Kiasi

Zege halimngojei mtu. Likishamwagwa na kulainishwa juu, kuna muda mfupi tu ambapo ukilibonyeza kwa kidole linakubali na halikunati. Ukiwahi mno linameza mkeka wa chapa, ukichelewa linakuwa jiwe na chapa haiingii tena. Ndiyo maana simu ilipolia asubuhi ile ya Jumanne, Grace Asekenye aliiacha ilie mpaka ikakata.

Alikuwa Malaba, kwenye ua wa nyumba ya wageni iliyo nyuma ya foleni ya malori. Chini ya miguu yake palikuwa na mkeka mzito wa mpira wenye sura ya mawe, naye alikuwa akiukanyaga kisigino baada ya kisigino ili sura ile izame kwenye zege. Mwenzake Odeke alitangulia akinyunyiza unga unaozuia mpira usigande.

Simu ikalia mara ya pili, na ya tatu. Odeke akaitoa kwenye koti lililotundikwa ukutani, akasoma jina. "Ni Akwii, yule mkaza mwana wa Mwalimu."

"Weka kwa spika."

Sauti ya Akwii ilitoka imebanwa, kama ya mtu anayeongea akiwa amejificha. "Fundi, mama ameanguka. Hapo kwa uwanja wako, karibu na tangi. Mguu umegeuka. Wanampeleka hospitali."

"Ameanguka aje?"

"Mvua ilinyesha usiku ikaleta matope. Asubuhi nikaosha na sabuni ya unga. Yeye akatoka na ndoo. Fundi, wanasema ni mimi."

Simu ikakatika. Mbele ya Asekenye zilikuwa zimebaki mita nne ambazo hazijapigwa chapa, na jua lilikuwa limeshapanda. Akauinua mkeka, akaupanga, akakanyaga. Akauinua tena. Hakusimama mpaka mita zile zikaisha. Odeke alipoutazama ule mstari wa mwisho aliona umepinda upana wa kidole. Katika miaka yote waliyofanya kazi pamoja hakuwahi kuona mkono wa Asekenye ukipinda.

Asekenye alikuwa mtu wa Amagoro, mjane wa miaka arobaini na minne. Kazi ya mawe aliianza kwa kuyaponda. Mumewe alipofariki alikaa kando ya barabara na nyundo ndogo akivunja kokoto, siku nzima, vumbi likimkaa kwenye kope. Kokoto ile ilipelekwa kwa wajenzi, naye akaifuata huko huko. Alianza kwa kuwatekea mafundi maji, akapanda akawa wa kubeba karai, na mwisho akaushika mwiko. Waliomcheka kwamba mwanamke hawezi kusawazisha slabu walichoka kucheka wenyewe. Kisha akavuka mpaka akaenda Tororo kufanya kazi kwa mjenzi mmoja mkali aitwaye Okiria, na huko ndiko alikojifunza zege la mapambo: kulitia rangi, kulipiga chapa lionekane kama mawe yaliyochongwa, kulikata mistari ili likipasuka lipasukie mahali pake, na kulifunika kwa vanishi ya zege ili mvua na mafuta ya magari yasiliharibu.

Jambo moja Okiria hakulifanyia mzaha. Koti ya mwisho ya vanishi, yaani mpako wa juu kabisa, lazima ikorogwe na unga mwingine mkavu, mwembamba na wenye mkwaruzo kama chumvi, ili nyayo zipate pa kushika zege likilowa. Unga ule hufifisha mng'aro kidogo, na wenye nyumba hawaupendi.

Mwalimu Ejoku wa Chakol naye hakuupenda. Alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mtu wa kunyoosha mambo na kunyoosha watu, na mwezi mmoja kabla ya siku ile ya simu alikuwa akingoja wageni wa mahari ya binti yake. Asekenye alimpangia uwanja kutoka mlangoni hadi langoni, ukiteremka pole ili maji yasirudi nyumbani. Zege likatoka zuri. Lakini siku ya kupaka vanishi, unga ulikuwa haujafika.

"Mwalimu, mzigo uko kwa lori, na lori liko foleni upande wa Uganda. Tungoje siku mbili."

"Wageni wanakuja Jumamosi. Unataka wakanyage zege ambalo halijamalizika?"

"Bila ule unga, ikinyesha itateleza. Na pale kwa tangi kuna mteremko."

"Wageni wangu si watoto. Watatembea polepole," Mwalimu alisema, akitazama saa. "Paka."

Akapaka. Alijiambia atarudi wiki ijayo aongeze koti yenye unga. Wageni wakaja, wakasimama langoni wakishangaa, na mzee mmoja akainama kabisa aguse kwa kiganja ahakikishe si kioo. Picha zikazunguka kwenye simu za watu. Siku tatu baadaye mwenye nyumba ya wageni ya Malaba akampigia. Wiki ya kurudi Chakol ikapita, ikaja nyingine, nayo ikapita.

Jioni ya Jumanne ile alikwenda hospitali akiwa bado na zege kwenye kucha. Mama Apondi, mkewe Mwalimu, alikuwa amelala, mguu umefungwa, uso umekauka kwa dawa za maumivu. Alikuwa Mjaluo wa ufukweni aliyeolewa huku kwa Wateso miaka mingi, mwanamke wa kutembea haraka, ambaye Asekenye hakuwahi kumwona amekaa mchana. Nyonga ilikuwa imevunjika.

Mlangoni pa wodi alisimama Eriaku, kifungua mimba wa Mama Apondi, aliyekuwa amekuja mbio kutoka kazini Busia. Alikuwa mwanaume mpana, mwenye macho mekundu ya mtu aliyelia akamaliza.

"Wewe ndio fundi?"

"Ndio mimi."

"Usijali, mama. Kazi yako haina shida, kila mtu anasema. Ni huyu bibi yangu na sabuni yake." Akauma meno. "Mtu anaona kumelowa, bado anaongeza sabuni! Nimemwambia atafute nguo zake. Arudi kwao Amukura."

Hapo ndipo Asekenye angesema habari ya unga. Alisema, "Pole sana," akaweka matunda kwenye kabati dogo kando ya kitanda, akatoka. Njiani kurudi Amagoro alijiona kama mtu ambaye deni lake limelipishwa mtu mwingine.

Odeke alipomsikiliza kesho yake hakusita. "Nyamaza. Sabuni ni sabuni. Hata zege la kawaida ukilimwagia povu mtu ataanguka."

"Angeteleza. Si lazima angeanguka."

"Na nyumba ya wageni? Yule tajiri akisikia kazi yako inavunja watu nyonga, atatuacha tumalize? Mimi nina watoto, Asekenye. Si wewe peke yako uko kwa hii kazi."

Lilikuwa neno la kweli, na ndilo lililomkosesha usingizi. Alhamisi Akwii akapiga tena. Safari hii sauti yake haikubanwa. Alisema tu kwamba kesho saa nne baba mdogo Omagor atakuja wakae kikao, na kwamba begi lake liko tayari, alitaka tu kumwambia fundi kwaheri kwa sababu walizoeana wakati wa ujenzi. Ndiye aliyewapikia uji mafundi wiki mbili nzima.

Saa nne siku ya Ijumaa Asekenye alikuwa langoni Chakol. Kabla ya kubisha alivua kiatu kimoja, akamwaga maji ya chupa yake juu ya zege, akakanyaga kwa kisigino. Mguu ukamkimbia. Akashika nguzo ya lango. Hapakuwa na sabuni hapo.

Sebuleni walikuwa wanne. Mwalimu Ejoku alikaa kwenye kiti chake, mikono juu ya fimbo. Mdogo wake Omagor alikaa karibu na dirisha. Eriaku alikuwa akitembea huku na huku, na Akwii alisimama kando ya mlango wa jikoni, begi miguuni.

"Fundi, hatukukuita," Eriaku alisema, si kwa ukali.

"Najua. Nimejileta." Hakukaa. Alihofia akikaa hatainuka. "Huyu msichana hana makosa. Uwanja ule una koti ya mwisho ambayo haikuwekwa vizuri. Kuna unga wa kuchanganya, wa kufanya mguu ushike. Sikuuweka. Nilijua inatakiwa, na sikuuweka. Nikasema nitarudi, sikurudi. Hata maji matupu yanatelezesha pale. Nimejaribu sasa hivi."

Asekenye alisikia kuku akiparua nje ya mlango. Hakumtazama Mwalimu, lakini alijua bila kutazama kwamba fimbo ile imekaza sakafuni. Neno moja tu kutoka kwa mzee lingegawanya mzigo. Halikuja.

"Ulijua," Eriaku alisema polepole.

"Nilijua."

"Ukaja hospitali ukaniangalia machoni. Nikakuambia kazi yako haina shida."

"Ndiyo."

Eriaku alitoka. Walidhani amekwenda kupoza hasira, mpaka waliposikia mlio. Alikuwa ametoa nyundo kubwa stoo na kuipiga kwenye zege karibu na tangi kwa nguvu zake zote. Kipande cha ukubwa wa sahani kiliruka. Akainua tena. Omagor akamkumbatia kwa nyuma, wanaume wawili wakayumba pamoja juu ya mteremko ule ule, na kwa dakika nzima ilionekana kama wataanguka wote.

"Vunja," Asekenye alisema akiwa mlangoni. "Ukivunja nitamwaga upya. Lakini mama atarudi kukiwa na vifusi, na hapo ndipo ataumia tena. Nipe nafasi nitoe ile vanishi yote niweke inayofaa. Zege lenyewe halina makosa."

Eriaku aliiachia nyundo. Alihema muda mrefu. "Mama anatoka Jumatano ijayo. Anakuja na fremu ya kutembelea. Siku hiyo nitamwaga maji hapa mwenyewe. Utatembea wewe kwanza."

Odeke alikuja. Asekenye hakumwomba, wala hakutegemea, lakini Jumatatu alfajiri alikuwa langoni na mitungi ya thina na mafagio ya waya. Alisema jambo moja tu: "Habari zimeshafika Malaba. Tajiri amesema tusirudi." Kisha akainama akaanza kazi.

Walilowesha vanishi kwa thina, wakaifunika kwa matambara, wakangoja ilainike, wakaisugua ikawa ute wa kunata, wakaifuta. Kipande kwa kipande, kutoka mlangoni kuteremka chini. Harufu ilipanda kichwani mpaka macho yakavimba. Akwii alileta maji ya kunywa. Begi lake lilikuwa bado mlangoni, halijafunguliwa wala halijaondoka. Jioni ya Jumatatu uwanja ulikuwa umekwisha mng'aro wake wote, umebaki mweupe na mchovu, na lile pengo la nyundo wakalijaza na kulipiga chapa kwa mkono.

Jumanne ndiyo ilikuwa siku ya hatari. Vanishi ikipakwa juu ya unyevu hugeuka nyeupe kama maziwa, na isipokauka kabla ya mvua, kazi yote ni bure. Asekenye alipiga magoti kila mahali akibandika vipande vya nailoni kuona kama kuna mvuke chini yake. Saa tano zege lilikuwa kavu. Unga ulikuwa umefika. Akaukoroga kwenye ndoo, na akaendelea kuukoroga kila baada ya dakika, maana hukaa chini usipoangalia. Odeke akapitisha rola, koti nyembamba, ikakauka. Wakaanza ya pili.

Saa nane upepo ukageuka. Upande wa Tororo, ule mwamba mrefu unaosimama juu ya mji haukuonekana tena. Palikuwa na ukuta wa kijivu tu, ukija.

"Turubai!" Asekenye alipiga kelele.

Lilikuwepo turubai kubwa la mahema ya siku ya mahari. Odeke na Akwii walilivuta kutoka stoo, lakini halingeweza kulazwa juu ya vanishi mbichi, lingeganda. Ilibidi lishikiliwe juu. Odeke akashika pembe moja, Akwii nyingine, Asekenye ya tatu. Eriaku, aliyekuwa ametoka Busia mchana ule kukagua, alisimama barazani akitazama. Matone ya kwanza yalipogonga mabati, akashuka akashika pembe ya nne.

Katikati turubai likaanza kulegea na kukusanya maji. Likishuka shubiri moja zaidi lingegusa. Hapo mlango ukafunguliwa, Mwalimu Ejoku akatoka bila viatu, akapita kando kando kwenye udongo, akaingia chini ya turubai pale zege lilipokuwa limekauka, akaliinua katikati kwa fimbo yake. Maji yakamwagika pembeni kwa kishindo.

Walisimama hivyo watu watano, mikono juu, mvua ikiwachapa migongo. Hakuna aliyeweza kuondoka. Labda ndiyo sababu mzee alichagua saa ile.

"Eriaku," aliita, akishindana na kelele ya mvua. "Huyu fundi aliniambia tungoje. Aliniambia itateleza. Mimi nikamwambia apake."

Pembe ya Eriaku ikatetemeka.

"Usiachie!" Asekenye alimwambia.

"Siachii," alisema kwa meno. Kisha, kwa baba yake: "Siku zote hizi umekaa kimya? Mke wangu amefunga begi, wewe umekaa kwa kiti?"

"Nimekaa kwa kiti," Mwalimu alisema. Maji yalikuwa yakimshuka kutoka kichwani hadi kidevuni na hakuweza kuyafuta. "Nilisahihisha makosa ya watoto wa watu miaka thelathini na nne. La kwangu likanishinda."

Akwii alikuwa ametazama chini muda wote. Mabega yake yalianza kucheza, na hakuna aliyejua kama analia au ni uzito wa turubai. Asekenye naye alihisi mikono ikifa ganzi, na aliogopa kidogo kwamba kati ya watu hawa mmoja ataachia kwa hasira na kuondoka, na hangeweza kumlaumu. Mvua ilidumu karibu nusu saa. Hakuna aliyeachia.

Jumatano asubuhi Eriaku alijaza ndoo mbili akazimwaga kuanzia juu. Asekenye alivaa viatu vya kanisani, vyenye soli laini, kwa sababu alitaka kujaribu kwa kitu kibaya zaidi. Akashuka mteremko wa tangi, akapanda, akashuka tena, akageuka ghafla. Mguu ulishika. Eriaku akajaribu mwenyewe, akakwaruza kwa kisigino, akatikisa kichwa kukubali. Hakuomba radhi na Asekenye hakuingoja.

Mama Apondi alipoletwa saa saba alisimama langoni na fremu yake, akautazama uwanja, akakataa. "Sipiti hapo." Hakuna aliyembembeleza. Alizungushwa nyuma ya nyumba, akaingilia jikoni, na kwa miezi miwili ndiyo ilikuwa njia yake.

Akwii aliondoka. Hakufukuzwa. Alichukua lile begi kwa hiari yake, akasema anataka kukaa kwao kidogo afikiri. Eriaku alimfuata Amukura mara tatu. Mara ya tatu Mwalimu alikwenda naye, na alichosema mbele ya wazazi wa Akwii hakikusimuliwa Chakol, lakini mwishoni mwa mwezi Akwii alirudi.

Asekenye alikaa majuma matano bila kazi. Ilipokuja, ilikuwa ndogo: kijia cha mita kumi huko Butula. Mwenye nyumba alitaka king'ae. Asekenye akamweleza habari ya unga, mama yule akakunja uso akasema atatafuta fundi mwingine, na Asekenye akamwambia sawa, akampa mkono. Siku ya pili mama yule akapiga simu akamwita arudi.

Wakati wa kiangazi alipita Chakol kukagua uwanja, kama alivyoahidi kufanya mara mbili kila mwaka. Aliufagia, akausugua kwa brashi na maji, akatafuta mahali palipochakaa. Alipoinua kichwa alimwona Mama Apondi amesimama barazani na mkongojo mmoja. Mama huyo alishuka ngazi polepole, akaweka mguu kwenye zege, akangoja, akaweka wa pili. Akaenda hadi kwenye tangi. Ilimchukua muda mrefu, na Asekenye hakuthubutu hata kusimama.

"Limekuwa na rangi ya majivu," Mama Apondi alisema alipofika. "Lile la kwanza lilipendeza zaidi."

"Kweli, mama. Lilipendeza."

"Hili nalo lilitengenezewa wageni. Mimi njia yangu ni kule." Akaonyesha kwa mkongojo upande wa nyuma, kutoka mlango wa jikoni hadi tangini, udongo mtupu uliochimbika kwa nyayo za miaka. "Kila siku napita kule na ndoo. Hakuna mtu amewahi kuniuliza."

Asekenye alitazama. Alikuwa amepima ua ule wote kwa kamba, kutoka mlango mkubwa hadi langoni, na kweli hakuwa amewahi kuuliza. Akafuta mikono kwenye leso, akatoa utepe wa kupimia mfukoni.

"Shika hapa mwisho, mama," alisema. "Uniambie unapenda kupitia wapi."

Mama Apondi akaegemeza mkongojo kwenye tangi, akashika.